Gari la juu la familia: soma karatasi kabla ya kupenda rangi

Ujumbe ninaoupokea kuliko wote unakwenda hivi: "Fundi, nina milioni 40, nichukue Harrier au X-Trail?" Kazi yangu ni kukagua magari kabla mnunuzi hajalipa, hapa Dar es Salaam, na swali hilo silijibu moja kwa moja. Narudisha maswali. Nyumbani mko wangapi, ukimhesabu na dada wa kazi? Ukitoka kazini, lami inaishia wapi? Desemba mnakwenda wapi? Majibu yakishapatikana, jina la gari huwa karibu limejitaja lenyewe. Kinachobaki ndicho kigumu: kupata gari moja zima kati ya mamia yenye jina hilo hilo.

Na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtu anabishana na shemeji zake wiki nzima kuhusu Toyota na Nissan, halafu gari lenyewe analiangalia dakika kumi, jioni, dalali amesimama pembeni anasema, "Bosi, hili ni kuweka wese tu."

Mimi nina msimamo mmoja, na wateja wangu wanaujua. Gari ambalo historia yake haisomeki silipitishi, hata liwe na jina gani.

Nianze na gari jipya, sifuri kilomita, nimalizane nalo. Kama una uwezo, au mwajiri anakukopesha kwa masharti mepesi, nunua kwa wakala: unapata waranti, na hakuna historia ya kuchimba. Siku hizi SUV za Kichina nazo zimeingia kwa kasi, zina vikorombwezo vingi kwa bei ambayo gari jipya la Kijapani haliigusi. Sina ugomvi nazo. Ila kabla ya kusaini, ulizia bei ya taa ya mbele, bampa na breki pedi, na uulize vitachukua siku ngapi kufika. Taa ya Harrier utaipata kwenye maduka ya spea ya Gerezani kabla ya saa sita mchana, mpya au ya mtumba. Hilo nalo ni sehemu ya bei ya gari.

Wengi wetu tunabaki na njia mbili: lililotumika Japani likaja na meli, au lililokwisha kutumika hapa hapa.

La Japani kwanza. Watu huuliza kwa nini Mjapani anaachia gari ambalo bado linang'aa. Sababu kubwa ni ukaguzi wao wa lazima, wanaouita shaken. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake ukichanganya na kodi na bima si ndogo. Wengi ukaguzi unapokaribia wanaona heri wauze. Gari linapelekwa mnadani, na mnadani linakaguliwa na mtu asiye na undugu na muuzaji. Matokeo yanaandikwa kwenye karatasi moja.

Karatasi hiyo ya mnada ndiyo ninayoiomba kabla ya picha. Juu kwenye kona kuna alama ya jumla. Gari la familia la umri wa kati likiwa na 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linaweza kuwa zuri pia, lina mikwaruzo tu ya maisha. Ukiona R au RA, gari limewahi kuumia likatengenezwa. Si lazima ulikimbie, lakini bei ishuke sana, na utake kujua liliumia wapi. Kioo cha pembeni ni kitu kimoja, nguzo ya bodi ni kitu kingine kabisa. Herufi nyingine, kuanzia A kwenda chini, ni ya hali ya ndani: viti, paa, harufu ya sigara.

Chini kuna mchoro wa gari kama limelaliwa na tingatinga, na juu yake vimeandikwa vialama. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupuliziwa rangi, S na C ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa wa tatizo, kwa hiyo A1 usiisumbukie, W3 iulizie. Mimi macho yangu hukimbilia S na C. Magari ya Hokkaido na mikoa mingine ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na kutu yake hukaa chini ya gari, kwenye chesisi, ambako picha za yadi hazifiki. Ukilileta gari hilo ukaliegesha Kigamboni karibu na bahari, umeliongezea ugonjwa.

Karatasi za kughushi zipo. Kuna huduma mtandaoni ambazo kwa dola chache na namba ya chesisi zinakutolea nakala ya mnada wenyewe. Linganisha na uliyotumiwa. Pia omba cheti cha Kijapani cha kusafirisha gari nje ya nchi, kwa sababu humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya nusu saa kwa mwenye mashine yake. Kuzirudisha kwenye karatasi zote zinazolingana ni kazi nyingine. Kama karatasi zimepotea, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo, kisha ufunue boneti. Gereji za Kijapani hubandika stika ndogo wakibadilisha oili, na tarakimu zake zinasomeka na yeyote. Dashibodi ikisema 68,000 na stika ikasema 112,000, basi maongezi yamekwisha.

Sasa kodi, maana hapa watu hukosea hesabu hata kabla meli haijaondoka Yokohama. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, na kodi huhesabiwa kwa thamani wanayoikubali wao, si lazima ile ya risiti yako. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18. Ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, asilimia 10 ikizidi hapo. Kisha kuna ule wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 likizidi miaka 10. Kwa kuwa kodi moja inapanda juu ya nyingine, gari la cc 2000 lenye umri chini ya miaka 8 linalipa kama shilingi 55 kwa kila 100 ya thamani yake, na la zaidi ya miaka 10 linakaribia shilingi 99, tozo ndogondogo bado. Ndiyo, la zamani thamani yake ni ndogo, kwa hiyo jumla inaweza bado kuwa chini. Lakini sehemu kubwa ya pesa yako inakwenda kwenye kodi, haiendi kwenye chuma. Piga hesabu za magari mawili ya miaka tofauti kabla ya kuamua. Mara nyingi pengo si kubwa kama ulivyodhani. Na viwango viangalie upya kila baada ya bajeti ya Juni.

Ukija kwenye gari la mkononi, kodi imeshalipwa na mtu mwingine, na unaweza kuliendesha kabla ya kulipa. Ni faida kubwa. Ila usidanganyike na namba. Watu wanasema "namba E hiyo" kana kwamba ni umri wa gari. Herufi inakuambia tu ni lini lilisajiliwa Tanzania. Nimekagua namba E za mwaka 2007, na namba D zilizotengenezwa miaka mingi baada yake.

Gari la mkononi ninalikagua asubuhi, injini ikiwa baridi, na ninamwambia mwenye gari asiliwashe kabla sijafika. Nikigusa boneti nikakuta joto, najua kuna kitu kimefichwa. Kwenye Harrier ya kizazi cha pili, ile ya tako la nyani, ya cc 2400, na Vanguard ya cc 2400, injini ni 2AZ-FE. Ni injini tulivu, spea zake zimejaa, lakini nyingi hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, kiasi kwamba Marekani Toyota wenyewe waliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo. Kwa hiyo natazama kijiti cha oili kwanza, halafu moshi wa bluu nyuma likiwashwa na likikanyagwa baada ya kukaa sailensa, yaani kunguruma bila kukanyagwa. Nyingine hukatika nyuzi za bolti za silinda hedi na kuanza kupoteza maji. Maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana yanapokwenda ni sababu ya kuondoka hapo.

X-Trail imebeba lawama isiyo yake yote. Matoleo yake ya T31 na T32 yana gia ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na hatua, na CVT inataka mafuta yake: NS-2 kwa ile ya zamani, NS-3 kwa mpya. Fundi wa mtaani akimwaga hydroliki ya kawaida kwa kuwa "yote ni mafuta ya gia", mkanda wa ndani unaanza kuteleza. Uliza mafuta ya gia yalibadilishwa lini na kopo lilikuwa lipi. Akisema haijawahi kuguswa, au akisema jina la hydroliki, hesabu bei ya gia boksi nyingine kwenye mazungumzo. Kisha liendeshe hadi lipate moto kweli, upite foleni na mlima. Kasoro za CVT hazionekani kwenye kuzunguka mtaa mmoja.

Basi nani achukue nini? Familia ya watu watano inayokaa Goba au Madale, lami ikiisha kilomita mbili kabla ya nyumbani, naitazamisha Forester ya 2013 kwenda mbele. Chini ina nafasi ya milimita 220, sawa na Prado ya kizazi cha 150 ya soko la Japani, na watu hawaamini nikiwaambia. Sharti lake ni tairi nne zinazolingana saizi na uchakavu, kwa kuwa inavuta miguu yote wakati wote. Ukiweka mbili mpya na mbili kipara unaumiza mfumo wa gia. Watu saba? Vanguard na X-Trail zipo za viti saba, ila ile safu ya tatu ni ya watoto. Mama mkwe usimkalishe huko hadi Moshi, kilomita 560 na zaidi, halafu utegemee mapokezi mazuri. Wenye wazee wa kubeba kila Desemba na barabara za tope za Rombo au Marangu, Prado inajieleza, mradi uelewe kwamba unalea pia tairi zake, bima yake na tanki lake.

Harrier Anaconda, ile ya kizazi cha tatu, ni nzuri, naipenda, injini ya cc 2000 haina makuu. Lakini ni gari la lami lililoinuliwa. Ya haibridi, yenye injini na mota ya umeme, inakula mafuta kidogo sana kwenye foleni ya Morogoro Road, na betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, inapoa kwa hewa inayopita kwenye matundu yaliyo chini ya kiti hicho. Nimekuta matundu hayo yamezibwa na mabegi ya shule na vumbi la miaka. Mwenye haibridi asafishe hapo kabla ya kunung'unikia betri.

Kuhusu mafuta, acha kuuliza "linakula?" Piga hesabu. Ukitembea kilomita 1,200 kwa mwezi, gari la kilomita 8 kwa lita linakunywa lita 150; la kilomita 11 linakunywa 109. Zidisha tofauti ya lita 41 kwa bei ya mafuta iliyotangazwa na EWURA mwezi huu, kisha mara miezi sitini.

Jambo ambalo hakuna dalali atakutajia ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofutuka gari likigonga. Eabegi za kampuni ya Takata ziliwekwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW na wengine, na zikarudishwa viwandani kwa mamilioni dunia nzima, kwa sababu baruti yake huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa. Tangu Mei 2018 Japani wanayanyima ukaguzi magari ya kundi la hatari ambayo hayajatengenezwa, kwa hiyo la karibuni lina nafuu. Lililoingia nchini zamani halikuguswa na sheria hiyo. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kiwanda ya Japani. Ni bure. Kama kifaa hakijabadilishwa, muulize wakala wa hapa kabla ya kumkalisha mtu mbele.

Wenye watoto wadogo wapapase pia kwenye maungio ya kiti cha nyuma, watafute vyuma vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto.

Ukishapata gari, usilipe bila kuona kadi halisi yenye jina la anayekuuzia, na kitambulisho chake. Angalia deni la faini za trafiki mtandaoni kwa namba ya gari, maana linakufuata wewe. Umiliki uhamishwe TRA kwa TIN zenu zote mbili. Ahadi ya "tutabadilisha wiki ijayo" isikubalike. Na katika zile milioni 40, nunua gari la milioni 35 au 36. Zinazobaki ni za wiki ya kwanza: oili ya injini, mafuta ya gia ya aina yake, maji ya rejeta, plagi, filta zote, bushi za mbele, na mara nyingi tairi nne.