Kuchagua na kutumia mafuta ya uso kulingana na aina ya ngozi

Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Tunaanza na jambo hili kwa sababu makosa mengi tunayoyaona katika kliniki ya ngozi hapa Uganda yanatokana na imani kwamba uso ukikauka, dawa yake ni kuupaka mafuta mengi zaidi. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa zilizopangwa kwa safu, na katikati ya safu hizo mna mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwilini yasipotelee hewani. Mafuta ya kupaka husaidia kazi hiyo ya kuzuia, lakini maji yenyewe ni lazima yawepo kwanza. Ndiyo maana anayejipaka uso ukiwa mkavu kabisa hung'aa kwa muda mfupi kisha akahisi ngozi inamkaza vilevile, ilhali anayejipaka mara tu baada ya kunawa, uso ukiwa bado na unyevu, hutosheka na matone mawili au matatu.

Kabla ya kununua chochote, itambue ngozi yako. Nawa uso kwa maji na sabuni isiyo kali, usipake kitu kwa muda wa saa moja, kisha uutazame kwenye mwanga wa mchana. Ngozi kavu hukaza na kupauka. Ngozi yenye mafuta hung'aa kote. Ngozi mchanganyiko hung'aa kwenye paji la uso, pua na kidevu huku mashavu yakibaki makavu. Na ngozi nyeti huwasha au kuchoma hata kwa vitu ambavyo wengine hawavihisi. Hali hizi hubadilika kwa umri, kwa ujauzito na kwa mahali. Anayehama kutoka Kampala, penye unyevu wa Ziwa Victoria, kwenda kwenye baridi ya Kabale au kiangazi cha Karamoja asishangae mafuta yaliyomfaa yakionekana hayamtoshi. Pia uliza sabuni kabla ya kuilaumu ngozi: watu wengi hunawa uso kwa sabuni ya kufulia, ambayo huondoa mafuta ya asili, kisha wanatafuta chupani kile walichokiosha wenyewe.

Tofauti kubwa kati ya mafuta ya mimea iko katika asidi za mafuta zinazoyaunda, na mbili zafaa kujulikana, yaani asidi ya linoleiki na asidi ya oleiki. Ya kwanza hutumiwa na ngozi kujenga ukuta wake wa kuhifadhi maji. Ya pili hulainisha vizuri, ila ikiwa nyingi mno huweza kuulegeza ukuta huohuo. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha mafuta ya zeituni, yenye oleiki nyingi, na mafuta ya alizeti, yenye linoleiki nyingi, kwenye ngozi ya watu wazima. Ya zeituni yalidhoofisha ukuta wa ngozi na hata kuleta wekundu kidogo, nayo ya alizeti hayakuudhuru. Kwa hiyo alizeti, ambayo wakulima wa eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, huizalisha kwa wingi, inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwenye meza za vipodozi. Ufuta, tunaouita simsim, uko katikati, kwa kuwa asidi hizo mbili zinakaribiana kiasi ndani yake. Mlonge na parachichi huelemea upande wa oleiki, hivyo huwafaa zaidi watu wazima wenye ngozi kavu isiyo na chunusi.

Mafuta ya shea yanahitaji maelezo yake. Mshea wa kaskazini mwa Uganda, unaoota Acholi, Lango na West Nile, ni wa jamii ya nilotika, na mafuta yake, ambayo Waacholi huyaita moo yaa, yana oleiki nyingi kuliko yale ya Afrika Magharibi. Ndiyo sababu ni laini na huyeyuka upesi mkononi. Ni mafuta mazuri sana kwa ngozi kavu, midomo na viwiko, na ni huzuni kuona miti hiyo ikikatwa kwa ajili ya mkaa wakati akina mama wanaishi kwa kuokota matunda yake. Hata hivyo ni mazito kwa uso wenye mafuta. Mwenye ngozi mchanganyiko anaweza kuyapaka mashavuni tu.

Mwenye chunusi anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi kila chunusi huweza kuacha doa jeusi linalokaa kwa miezi mingi, na mara nyingi ni doa hilo linalomsumbua mtu kuliko chunusi yenyewe. Mafuta mazito, hasa ya nazi, huziba vitundu vya ngozi. Hata mafuta ya nywele hushuka usoni: mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza chunusi zinazojipanga kwenye paji la uso na kando ya nywele kwa watu waliotumia pomedi, na sura hiyohiyo tunaiona leo kwa wanaopaka nywele mafuta kisha wakalala bila kilemba. Asiyeweza kuacha mafuta kabisa achague mepesi kama hohoba (jojoba), apake kidogo usiku, na aache akiona vipele vipya.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi. Magamba meupe yanayotoka kando ya pua, kwenye nyusi na kichwani huonekana kama ukavu, lakini mara nyingi yanahusiana na fangasi wa malasezia, ambao huishi kwa kula asidi za mafuta. Mafuta ya zeituni hutiwa hata katika lishe ya kuwaotesha fangasi hao maabara. Anayeyapaka juu ya magamba hayo huwalisha fangasi, na anachohitaji ni dawa ya fangasi. Kwa hali kama hii mafuta mazito ya petroli yaliyosafishwa, yaani vaselini ya kopo, hayalishi fangasi. Tena huzuia maji kutoka kuliko karibu mafuta yote ya mimea, na bei yake ni ndogo. Uvumi kwamba yanadhuru kwa sababu yanatokana na petroli hauna msingi pale yanapokuwa yamesafishwa kwa matumizi ya ngozi.

Tunachokiogopa kwa dhati ni chupa zisizo na maelezo na michanganyiko ya kuufanya uso uwe mweupe. Haidrokwinoni, kemikali inayofifisha rangi ya ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na Mkataba wa Minamata wa 2013 umelenga kuondoa vipodozi vyenye zebaki duniani. Baadhi ya mafuta hayo huchanganywa pia na dawa kali za steroidi, ambazo mwanzoni huufanya uso uwe laini, kisha hukondesha ngozi, huleta chunusi na mishipa inayoonekana, na mtu akiacha ghafla uso huwaka. Usiongeze maji ya limau katika mafuta yoyote, kwani ngozi yenye limau ikipigwa na jua huungua na kubaki na madoa. Jua letu la ikweta halizuiwi na mafuta ya mimea hata yawe ya aina gani. Kofia na losheni ya kuzuia jua haviwezi kubadilishwa nayo.

Ukinunua, tafuta orodha ya viambato, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya Q ya Shirika la Viwango, UNBS. Yanayouzwa sokoni katika chupa zilizokwisha kutumika za maji yanapata mwanga na hewa, huchacha mapema, na mafuta yaliyochacha huwasha. Yanuse, na yakitoa harufu kali ya kuudhi yaache. Nyumbani, yahifadhi mahali pa baridi na giza. Kabla ya kuyapaka usoni, paka kidogo ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja. Ukiona mwasho, uvimbe au malengelenge usiyatumie. Vipele vyenye usaha, madoa yanayoenea, au uso unaowaka kila unapoacha krimu fulani, vinahitaji daktari wa ngozi, na ukienda kumwona chukua chupa na makopo yote unayoyatumia, hata yale usiyopenda watu wayaone.