Kuibadilisha Picha ya Mwenzako Hakuifanyi Kuwa Yako

Dhana: "Ukibadilisha asilimia 30, picha ni yako."

Wengine husema 20, wengine 50. Sheria hiyo haipo. Matumizi ya haki (fair use, yaani kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa pale sheria inapokubali) nchini Marekani yanaelezwa na kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1976, na humo hamna asilimia hata moja. Hakimu hupima mambo manne: lengo na namna ya matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenye kazi. Hata hicho kiasi hakipimwi kwa rula. Ukikata uso peke yake kutoka kwenye picha pana, huenda umechukua kile kile kilichoipa picha thamani.

Dhana: "Yeye alipiga picha, mimi nimechonga sanamu. Ni kazi mpya."

Mpiga picha Art Rogers aliwapiga picha mwanamume na mwanamke wameketi kwenye benchi, wamepakata watoto wanane wa mbwa. Msanii Jeff Koons akainunua ikiwa kwenye kadi, akachana sehemu yenye alama ya hakimiliki, akawaagiza mafundi wachonge sanamu inayofanana nayo. Mbwa wakapakwa rangi ya buluu. Alijitetea kwamba anaikejeli jamii inayopenda vitu vya rahisi, lakini mwaka 1992 mahakama ya rufaa ilimkatalia: anayedai kufanya mzaha wa kisanii lazima walau kwa sehemu ailenge kazi yenyewe aliyoichukua. Kama unataka tu kuisema jamii, kwa nini uichukue picha ya Rogers na si nyingine? Swali hili kila msanii ajiulize kabla ya kufungua programu ya kuhariri.

Dhana: "Nikiipa mtindo wangu, nimeigeuza."

Hapa ndipo wengi huumia. Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili msanii Andy Warhol aitumie picha hiyo kama kielelezo, mara moja tu. Warhol akatengeneza mfululizo wa kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, wakfu wa Warhol ulilipwa dola 10,000 kwa moja ya kazi hizo kutokea kwenye jalada la jarida. Goldsmith hakupata hata senti. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilimpa haki Goldsmith. Mkono wa Warhol unatambulika popote, lakini picha zote mbili zilikuwa zinafanya kazi ile ile: kumwonyesha Prince kwenye jarida, kwa malipo. Nauona uamuzi huu kuwa wa haki kabisa, maana mpiga picha naye ni msanii.

Hata hivyo, usisome hapo kwamba kila anayegusa picha ya mwingine hushindwa. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliona kazi 25 kati ya 30 za msanii Richard Prince (si yule mwanamuziki), alizozijenga juu ya picha za mpiga picha Patrick Cariou, ni matumizi ya haki. Tano zilirudishwa mahakama ya chini, kisha pande mbili zikapatana.

Dhana: "Nimemtaja mpiga picha." Ni adabu njema, lakini si ruhusa.

Dhana: "Haina alama ya hakimiliki." Tangu Machi 1989 Marekani haiidai. Ulinzi huanza pale kazi inapowekwa kwenye umbo la kudumu, kama vile picha inapopigwa.

Dhana: "Siuzi." Hiyo husaidia kwenye mizani, haikukingi.

Dhana: "Wakilalamika nitaifuta, yaishe."

Kufuta hakufuti kilichokwisha kutendeka. Kwa kazi iliyosajiliwa kwa wakati, mahakama ya Marekani inaweza kuamuru fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na ikithibitika ulifanya makusudi, hadi 150,000. Kwa hiyo mwandikie mwenye picha wakati kazi yako bado ni mchoro wa penseli, umweleze unataka kuitumia wapi na kwa muda gani. Akikataa, utakuwa umepoteza mchoro mmoja tu.