Kushindwa Kuchora Saa Si Uzee: Maswali na Majibu

Maswali haya huulizwa na watoto wanaowaleta wazazi wao walioanza kupoteza kumbukumbu katika kliniki yetu hapa Moshi, wengi wao wakiwa wamechelewa.

Kipimo cha kuchora saa ni kipi?
Mzee hupewa karatasi tupu na kalamu, akaombwa achore saa ya ukutani, aweke tarakimu zote 12, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Kazi hiyo fupi hupima mambo mengi kwa pamoja, kwa maana anayesikia "tano" hana budi kuupeleka mshale mfupi kwenye 11, na anayesikia "kumi" aupeleke ule mrefu kwenye 2. Ambaye uwezo huo umeanza kupungua mara nyingi hurundika tarakimu upande mmoja, au huuelekeza mshale kwenye 10 moja kwa moja. Mchoro pekee hautaji ugonjwa. Unaonyesha nani achunguzwe zaidi.

Mama ana miaka 76. Je, kusahau si uzee tu?
Kusahau mahali alipoweka miwani, kisha akakumbuka, ni kawaida. Kupotea akitoka soko la Mbuyuni analoliendea tangu ujanani, au kuuliza swali lilelile mara tano kabla chai haijapoa, si uzee. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Ungekuwa uzee, wale wengine 94 wangekuwa nao pia.

Lakini hata bibi alikuwa hivyo, nasi tukamwacha.
Basi yamkini bibi naye alikuwa mgonjwa. Narudia: si uzee, wala si kurogwa. Kila Desemba ndugu hurudi nyumbani kwa Krismasi, wakaona mama amebadilika, wakanong'onezana jikoni, na Januari wakapanda basi. Tunaletewa mama huyo Desemba inayofuata, akiwa amekwisha kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuza kihamba, yaani shamba la ukoo. Katika mwaka huo uliopotea tungeweza kupima presha, sukari, upungufu wa vitamini B12, homoni ya tezi ya shingo na sonona, mambo ambayo yana tiba. Tungeweza pia kuziondoa zile dawa za usingizi mnazomnunulia dukani "atulie", ambazo humzidishia kuchanganyikiwa na kumwangusha usiku.

Baba hakusoma hata darasa la kwanza. Atachora nini?
Hoja hiyo ni ya haki. Asiyezoea kalamu anaweza kushindwa kuchora ilhali akili yake ni timamu kabisa, na ndiyo sababu kipimo kilichotengenezwa kwa wazee wa Hai hutumia njiti za kiberiti: mzee huonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti, naye hulipanga upya. Asiyeona vizuri naye apimwe macho kwanza.

Tumfanyishe mazoezi ya kuchora nyumbani ili afaulu?
Tafadhali msifanye hivyo. Huu si mtihani wa darasa la saba. Mkimfundisha mchoro, mtakuwa mmetuficha dalili tuliyokuwa tukiitafuta.

Amechanganyikiwa ghafla tangu juzi. Tusubiri siku ya kliniki?
Hapana. Mleteni leo, hata kama ni usiku. Mabadiliko ya siku moja au mbili hutokana mara nyingi na nimonia, maambukizi ya mkojo, malaria, sukari iliyoshuka au kiharusi, na hayo huua. Hata hapa tunaambiwa "tulidhani ni uzee". Uzee hauingii mtu kati ya Jumatatu na Jumatano.

Aje na nini?
Dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, pamoja na miwani yake. Na aletwe na mtu anayeishi naye, si mtoto aliyefika jana kutoka Dar es Salaam.