Dhana potofu kuhusu waandishi wa programu na vifaa wanavyochokonoa

Mwandishi wa programu akirudi nyumbani jioni, akafungua tena kompyuta na kuanza kuunga waya kwenye kibao kidogo cha saketi, ndugu na majirani huwa na maelezo tayari: anacheza, ana pesa za kuchezea, au ni mdukuzi. Vijana wengi wenye kipaji huyasikia maelezo haya mpaka wakaacha. Nayaandikia hapa yale ninayoona yanadhuru zaidi.

Dhana: Ni mchezo usio na faida

Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu. Kiini cha mfumo huo, Linux, ndicho kilichomo ndani ya simu za Android, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 kwenye orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nacho. Guido van Rossum naye alianza Python, lugha ya kuandikia programu, katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, akitafuta kitu cha kumshughulisha, na toleo la kwanza la hadharani likatoka mwaka 1991.

Mifano hii ni ya kweli, ila nayo ina hatari yake: kijana anaweza kudhani kwamba asipotoa Linux yake basi amepoteza muda. Faida iko karibu zaidi ya hapo. Chukua kipimo cha maji ya tangi. Nyumba nyingi za mjini zina tangi la plastiki juu ya mnara, maji ya bomba huja kwa zamu, na hakuna anayependa kupanda ngazi usiku kuchungulia. Kihisi cha kupimia umbali kwa sauti, HC-SR04, kinauzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya elektroniki. Unakifunga chini ya mfuniko, kinatoa mlio usiosikika na sikio, kinangoja mwangwi kutoka kwenye uso wa maji, na programu inahesabu umbali: muda zidisha kasi ya sauti, gawanya kwa mbili.

Inaonekana kazi ya dakika kumi. Kisha mambo yanaanza kujitokeza. Mifano mingi ya programu hutumia kasi ya mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya hewa yenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349, na kwa umbali wa mita moja hesabu yako inapishana na ukweli kwa karibu sentimita mbili. Pini ya mwangwi ya kihisi inatoa volti 5, na pini za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja inayotumiwa sana kwa kazi hizi, zimetengenezwa kwa volti 3.3, kwa hiyo unahitaji rezista mbili, ya ohmu 1,000 na ya ohmu 2,000, kuipunguza kabla haijaunguza kompyuta. Baada ya muda unyevu wa tangi unakila kihisi, unatafuta kile kisichoingia maji, JSN-SR04T, halafu unagundua kwamba hakisomi vizuri kitu kilicho karibu yake chini ya sentimita 20 hivi, hivyo tangi likijaa mpaka juu ndipo usomaji unapovurugika. Na mara moja moja kinaleta namba ya ajabu kabisa, kana kwamba maji yamepotea yote kwa sekunde moja. Unachukua vipimo kadhaa, unavipanga, unatumia cha katikati.

Mtu aliyepita njia hiyo hawezi tena kuandika programu ya benki au ya hospitali akiamini kwamba kila namba inayoingia ni sahihi. Hilo darasani hufundishwa kwa sentensi moja, na sentensi moja haitoshi.

Dhana: Akili mnemba inaandika kila kitu, ya nini kujisumbua

Ni kweli ukiiomba programu ya kusoma kihisi cha tangi utapewa, na huenda ikafanya kazi mara ya kwanza. Lakini haioni kwamba kebo yako ya umeme ni nyembamba, haijui kwamba mfuniko wa tangi umeinama, na haiko pale mwangwi unapogonga ukuta wa tangi badala ya maji. Anayeweza kuikosoa ni yule aliyewahi kushika vitu hivi. Kwangu mimi zana hizi zimeongeza thamani ya uchokonozi, kwa sababu sasa kuandika ni rahisi na kutambua kosa ndiko kugumu.

Dhana: Ni hobi ya wenye pesa, na inakula umeme

Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 bei ya modeli B ilikuwa dola 35. Kwa kipato cha wengi wetu hizo si pesa ndogo, na siku hizi modeli zenye kumbukumbu kubwa ni ghali zaidi. Ila hulazimiki kuanza na Raspberry Pi. Laptopu ya zamani iliyovunjika kioo, ambayo fundi anataka kuiuza kama chuma chakavu, ni seva nzuri ya nyumbani. Ikiwekwa Debian, mfumo endeshi wa bure unaotumia Linux, bila mazingira ya picha, RAM ya GB 2 inatosha kabisa kwa kazi ndogondogo: kuhifadhi picha za familia, kuendesha tovuti ya majaribio, kupokea vipimo vya lile tangi. Ukipata pesa kidogo, badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Hakuna badiliko jingine la bei hiyo linaloifufua mashine ya zamani kiasi hicho. Na kama betri yake bado inashika chaji, umeme ukikatika seva haizimiki.

Kuhusu umeme, tupige hesabu. Raspberry Pi inayotumia wati 4, ikiwaka saa 24 kwa siku 30, inakula uniti 2.88. Laptopu ya zamani yenye kioo kilichozimwa, tuseme wati 15, inakula uniti 10.8. Kompyuta ya mezani ya wati 100 ikiachwa hivyohivyo inakula uniti 72. Kwa Tanzania, mteja wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) aliye kwenye daraja la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, mashine hiyo ya mwisho peke yake ingemmalizia karibu nafasi yote. Kwa hiyo malalamiko ya mama mwenye nyumba huwa na msingi, yanategemea tu ni mashine gani umeiacha ikiwaka.

Hapohapo kuna imani nyingine, safari hii ya wachokonozi wenyewe: kwamba chaja yoyote ya simu inafaa kuendesha Raspberry Pi. Modeli ya 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Chaja nyingi hazifiki hapo, na hata ikifika, kebo ndefu na nyembamba inapoteza volti njiani. Mashine inawaka, inafanya kazi, lakini inapunguza kasi yenyewe bila wewe kujua, au inajizima na kujiwasha, na wewe unalaumu programu. Andika amri `vcgencmd get_throttled`. Ikirudisha `0x0`, umeme uko sawa. Ikirudisha `0x50005`, maana yake volti ziko chini wakati huohuo na kasi imepunguzwa, na ilishatokea tangu mashine ilipowaka. Ikiwa `0x50000`, tatizo lilikuwepo ila kwa sasa limeisha. Badilisha kebo kwanza kabla hujanunua chaja nyingine.

Na kadi ya SD, ingawa haina sehemu inayozunguka, si salama umeme unapokatika katikati ya kuandika. Mafaili yanaharibika, wakati mwingine mashine inakataa kuwaka kabisa. Hamishia rekodi za matukio ya mfumo (log) kwenye RAM, weka data muhimu kwenye SSD ya USB, na uwe na nakala mahali pengine.

Dhana: Wanaosikiliza mawimbi ya redio wanapeleleza

Hobi hii inaogopwa bure. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba vifaa vidogo vya USB vya kupokelea televisheni ya dijitali, vile vyenye chipu ya RTL2832U, vinaweza kugeuzwa kuwa redio inayotawaliwa na programu. Wengi huanza na ndege. Ndege nyingi za abiria hutangaza zenyewe, wazi bila kufichwa, namba zao, mwinuko na mahali zilipo kwenye masafa ya megahezi 1090, ili ndege nyingine na waongozaji wazione. Urefu wa wimbi hilo ni sentimita 27.5, hivyo kipande cha waya cha robo yake, karibu sentimita 6.9, ni antena tosha ya kuanzia.

Utamu uko kwenye ujumbe wenyewe. Kila ujumbe una biti 112, yaani tarakimu 112 za 0 na 1. Biti 24 za mwisho ni za kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Nyingine 24 ni namba ya pekee ya ndege. Mahali ilipo ndege hakutumwi kwa ukamilifu: kumebanwa, na ili kupajua bila kuwa na kianzio unahitaji ujumbe wa aina mbili, wa shufwa na wa witiri, uliopokelewa kwa kufuatana. Kuandika programu ya kufungua ujumbe huo kwa mikono yako, biti kwa biti, mpaka ukaona jina la safari likijitokeza kwenye skrini wakati mngurumo wa ndege uko juu ya bati, ni furaha ambayo ningemtakia kila mwanafunzi wa kompyuta.

Mpaka wa kisheria uko kwenye kurusha mawimbi. Redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wanaorusha bila biashara, ina leseni na alama za wito, zinazoanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda, na kwa Tanzania mlango wa kubisha ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Usinunue kifaa cha kurushia kabla ya kubisha hapo, na hata kwa kupokea, soma kwanza kanuni za nchi yako.

Dhana: Anayepanda jukwaani ni bingwa

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inawanyamazisha watu wenye mambo ya kusema. Kwenye mikutano ya waandishi wa programu kuna kipindi cha mada fupi za dakika tano. Dakika tano hazimtaki bingwa, zinamtaka mtu mwenye jambo moja. "Kwa nini tangi langu lilionekana tupu kila saa saba mchana" ni mada kamili: tatizo, ulivyolitafuta, ulichokuta. Wasikilizaji watakukumbuka kuliko yule aliyeeleza historia nzima ya teknolojia kwa slaidi zenye maandishi madogo.

Wala si kweli kwamba mikutano yenyewe iko Ulaya na Marekani tu. iHub, kituo cha kukutania watu wa teknolojia, ilifunguliwa Nairobi mwaka 2010. PyCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Python, ilifanyika Accra mwaka 2019. DjangoCon Africa ya kwanza, ya watumiaji wa Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, ilifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Warsha za Django Girls, zilizoanzia Berlin mwaka 2014, zimefika miji mingi ya Afrika, ni za bure, na zimelengwa kwa wanawake ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Na si lazima uwe unaandika programu ndipo uwe mwanajamii. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, wakatembea wakichora mitaro, njia na majengo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida, ili mafuriko yajulikane yatapita wapi. Aliyejua mtaro upi huziba kila masika alikuwa na mchango ambao hakuna mhandisi angeuleta akiwa ofisini.

Kuhusu lugha, naona hatuna sababu ya kuogopa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizo kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kama menyu nzima za programu ziliweza kuandikwa kwa Kiswahili wakati ule, mada ya dakika tano kuhusu kebo mbovu haiwezi kushindikana. Chumba chenye watu wa Mbagala, Mombasa na Bujumbura kitaelewa, na maswali yatakuwa mengi zaidi.

Dhana: Programu huria ni mali ya yeyote

Huria haina maana ya kutokuwa na mwenyewe. Leseni ya MIT inakuruhusu karibu kila kitu mradi uache jina la mwandishi na maneno ya leseni. Leseni ya GPL inakudai zaidi: ukiisambaza programu uliyoibadilisha, lazima uwape wapokeaji msimbo wake chini ya leseni ileile. Na programu iliyowekwa hadharani bila leseni yoyote haijatoa ruhusa, haki zote zinabaki kwa aliyeiandika. Hili linawahusu hata wenye miradi midogo: kama unataka jirani atumie programu yako ya tangi, weka faili la `LICENSE` ndani ya folda yake siku hiyohiyo unayoichapisha.