AC/DC: bendi iliyobebwa na gitaa la rizimu

Katika bendi za dansi zilizoupa mji wetu wa Tabora jina, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zikiwemo, kila mpiga gitaa alikijua kiti chake: huyu solo, anayepamba wimbo kwa mbele, yule rizimu, anayeshikilia mwendo wake kwa nyuma, mwingine besi. Mimi nilikaa kiti cha rizimu miaka mingi, na sasa ninafundisha vijana barazani kwangu Kanyenye, ambako kila anayekuja hutaka solo. Wakiniuliza juu ya AC/DC, bendi ya roki ya Australia, huwa wameshamwona mpiga solo wake, Angus Young, akirukaruka na kaptura yake ya shule. Mimi huwaambia wamtazame kaka yake, Malcolm, aliyesimama nyuma karibu na ngoma, kwa kuwa historia ya bendi hiyo kwa sehemu kubwa ni historia ya mkono wake wa kulia.

Ndugu hao walizaliwa Glasgow, Uskoti, na familia yao ikahamia Australia mwaka 1963. Waliunda bendi jijini Sydney mwaka 1973, na jina lake, linalotaja aina mbili za umeme, dada yao Margaret aliliona kwenye cherehani. Mwimbaji Bon Scott alijiunga mwaka 1974, huku kaka yao mkubwa, George, akisimamia kurekodi kwa albamu za mwanzo pamoja na Harry Vanda. Mwaka 1979 kazi hiyo ilikwenda kwa Robert John Lange, aliyezaliwa Mufulira, huko huko kwenye migodi ya shaba ya Zambia (wanafunzi wangu hudhani ninawatania), na albamu ya Highway to Hell ikawafungulia milango ya Marekani.

Tarehe 19 Februari 1980, Bon Scott alifariki London. Bendi nyingi zingevunjika hapo, kwani mwimbaji ndiye sura ya bendi. Wao walimchukua Brian Johnson kutoka kaskazini mwa Uingereza, wakaenda Bahamas kurekodi, na mwezi Julai mwaka huo huo Back in Black ikawa madukani, albamu ambayo mauzo yake duniani hukadiriwa kufikia nakala milioni 50. Kwa maoni yangu waliweza kumbadilisha mwimbaji kwa sababu nguzo ya nyumba haikuwa sauti yake.

Chukua mwanzo wa wimbo uliobeba jina la albamu hiyo. Kodi ya E (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) inapigwa mara moja, kisha kimya. D inafuata mara tatu kwa haraka, kimya tena. Halafu A mara tatu. Kijana mmoja aliponipigia hapa barazani alifungulia mkwaruzo wa amplifaya mpaka mwisho, na kile kimya kikajaa mvumo kama wa mashine ya kusaga. Nilimzimia mkwaruzo karibu wote, nikamwambia aukate mlio kwa kiganja kila baada ya kodi na kuhesabu kwa mguu. Hapo ndipo wimbo ulipotokea. Malcolm mwenyewe alitumia nyuzi nene, na katika gitaa lake la Gretsch aliondoa vinasa sauti vingine, yaani vifaa vinavyonasa mlio wa nyuzi, akabakiza kimoja tu karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa. Amplifaya yake ya Marshall aliiacha iwe safi kuliko watu wanavyodhani. Uzito wanaousikia unatokana na magitaa mawili na ngoma ya Phil Rudd kutua kwa pamoja, si na kelele.

Katikati ya miaka ya 1980 mauzo yao yalipungua, na sitakaa sana hapo, maana hata nyimbo zenyewe zilipungua ladha. Rudd aliondolewa mwaka 1983 akarudi mwaka 1994. Katikati ya hapo albamu ya The Razors Edge ya mwaka 1990 ilikwisha kuwarudisha juu.

Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa Malcolm hatarudi tena kwenye bendi, kwa kuwa ugonjwa wa akili wa kusahau ulikuwa umemzidi. Kiti chake alipewa Stevie Young, mtoto wa kaka yao, aliyewahi kukishikilia kwa muda mwaka 1988. Malcolm alifariki tarehe 18 Novemba 2017, wiki chache tu baada ya George. Albamu ya Power Up ilipotoka mwaka 2020, kila wimbo uliandikwa kuwa umetungwa na watu wawili, Angus na Malcolm, kwa sababu Angus aliirudia hazina ya vipande walivyokuwa wamevibuni pamoja miaka ya nyuma.