Kijiko kimoja cha zeituni kinatosha

Wiki mbili zilizopita jirani yangu hapa Kitangiri, Mwanza, alipiga hodi na kopo la plastiki kalifunika kwa kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na sabuni yake ya kwanza. Ukiigusa inabonyea kama ugali ambao haujaiva, na juu yake mafuta ya kijani yametuama.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Mbona mafuta nimeweka mengi tu?"

Hapohapo ndipo ulipokosea, mama. Kilo moja ya besi, ile sabuni ya dukani ya kuyeyusha na kumimina, kaimiminia chupa nzima ya mafuta ya zeituni, mililita 100, zile chupa ndogo zinazouzwa duka la dawa. Sikumcheka. Mimi mwenyewe sabuni zangu za mwanzo ziliteleza mkononi kama sato aliyetoka majini sasa hivi.

Besi ni sabuni iliyokwisha kuwa sabuni. Kiwandani mafuta yalikutanishwa na kostiki, ile soda kali inayounguza, kostiki ikaisha kazi yake, yakabaki sabuni na gliserini. Ndiyo maana tunaweza kuitengeneza jikoni watoto wakiwa sebuleni, bila glavu wala kovu kama hili nililo nalo mkononi tangu enzi nilipokuwa nachanganya kostiki mwenyewe. Lakini ndiyo maana pia zeituni unayoongeza nyumbani haigeuki sabuni. Haina kostiki ya kukutana nayo. Inabaki mafuta, imejibanza ndani ya kipande. Ikiwa kidogo, ukishajisuuza ngozi haikuvuti. Ikizidi inaua povu, kipande kinalegea, na yale yaliyokosa pa kukaa yanapanda juu. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kwa kila nusu kilo ya besi. Sijawahi kujuta.

Kwa hiyo ukitaka sabuni ya zeituni isiyokausha ngozi, kazi kubwa ifanyie dukani, unapochagua besi. Pindua pakiti usome viambato. Vimepangwa kuanzia kilicho kingi. Zeituni iliyogeuzwa sabuni huandikwa "sodium olivate". Mara nyingi utaikuta nyuma ya "sodium cocoate", ambayo ni nazi, na "sodium palmate", ambayo ni mawese. Hilo lisikukasirishe. Nazi ndiyo inayoleta povu na ugumu. Zeituni peke yake hutoa povu dogo, zito, la kuteleza. Wenzetu wa Aleppo, Syria, na Nablus, Palestina, ambao ufundi wao wa sabuni ya zeituni UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2024, hutumia muda mrefu sana kuzikausha sabuni zao kabla hazijauzwa. Mimi nikikuta pakiti imeandikwa zeituni kwa herufi kubwa mbele, halafu nyuma haipo kabisa au iko mkiani baada ya rangi na manukato, naiacha. Nikiona "sodium laureth sulfate", kemikali ya kutoa povu jingi, naiacha pia kama mteja ana ngozi kavu. Povu lake ni tamu machoni, lakini kuna ngozi zinazolilipia.

Kuyeyusha sasa. Kata besi vipande vya ukubwa wa nyama ya mishikaki, weka kwenye bakuli la chuma, bakuli likae juu ya sufuria yenye maji ya moto. Moto mdogo. Kama ni jiko la mkaa, punguza mkaa hadi uone karibu unazimika. Mwanza tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini hata hizo ni nyingi kwa besi: usiipitishe 70. Ikipita, maji yake yanapotea, inakuwa nzito ya kuvutika, na ikipoa inatoa kipande kigumu cha kimanjano. Ifunike. Vikibaki vijipande vya ukubwa wa maharage, epua, vitaishia vyenyewe.

Hapo ndipo zeituni inaingia, nje ya moto. Koroga dakika nzima, taratibu, mwiko usitoke nje ya sabuni. Ukikoroga kama unayepiga mayai utaingiza hewa, na mapovu yataganda juu. Mimina ikifika kama nyuzi 55. Vile vipovu vinavyobaki vipulizie spiriti kidogo, vitapasuka mbele ya macho yako. Zima jiko kwanza! Spiriti na moto havikai chumba kimoja.

Kalibu si lazima ununue. Vikombe vya mtindi vinafaa. Acha kwa muda wa saa nne, usiguse.

Sasa jasho. Mteja wangu mmoja alinirudishia sabuni mwezi wa Aprili akisema inalia. Kweli, ilikuwa na matone juu kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Gliserini hunyonya maji kutoka hewani, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hewa hiyo tunayo kwa wingi, hasa mvua zikichachamaa. Sabuni haijaharibika, ila haipendezi. Tangu siku hiyo kipande kikitoka kwenye kalibu nakifunga palepale kwa nailoni ya kufungia chakula, imebana, isibaki hewa. Usikianike ukidhani unakikausha. Hii si sabuni ya mche.

Vitu vibichi, hapana. Utomvu wa mshubiri uliokatwa bustanini, maziwa, tango, maji ya limau: vyote ni chakula cha ukungu. Nimeona kipande kizuri cha mshubiri kikiota madoa meusi kabla hata hakijauzwa. Manukato nayo, kama unatafuta sabuni ya ngozi inayokereka upesi, yaache kabisa. Kuna watu wanatumia mafuta ya upako yenye manukato kwa sababu chupa imeandikwa zeituni. Hayo ni ya kanisani, jikoni tumia ya kupikia.

Kitu kimoja tu huwa naongeza, tena kwa wateja wangu wa Mwaloni, Kirumba, ambao mikono yao hushinda kwenye dagaa. Kahawa ya Kagera iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, inasugua na kupunguza ile harufu. Subiri besi ianze kuwa nzito kidogo ndipo uikoroge humo, la sivyo kahawa yote itazama chini. Ni ya mikono. Usoni itakukwaruza.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, lakini, si la zeituni.

"Dada, hii inang'arisha?"

"Hapana mama, inasafisha."

Wengine huondoka hapohapo. Sabuni za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na mimi sizigusi. Sitamwambia mtu pia kwamba yangu haina kemikali. Sabuni ni kemikali, na hata iliyo pole ina ualkali kuliko ngozi. Mwenye pumu ya ngozi aijaribu kwanza kwenye kiwiko, na ikimwasha aiache. Ukianza kuuza, nenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tangu 2019 vipodozi viko chini yao.

Nirudi kwa jirani yangu. Hatukumwaga kitu. Tuliyeyusha kopo lake lote, tukakoroga hadi mafuta ya juu yakarudi ndani, likaganda tena. Kisha tukapima gramu 100 za sabuni yake, tukaziyeyusha pamoja na gramu 900 za besi mpya isiyoongezwa kitu. Piga hesabu: zeituni iliyoingia ni kama mililita 9 kwa kilo, karibu vijiko vyetu viwili. Ilitoka ngumu, ikatoa povu, mwanawe akaogea jioni ileile. Kopo lina kama mizunguko kumi iliyobaki, na nimemwambia asilale, maana mafuta hayo huchacha.