Basi la pwani ya Amalfi halina konda

"Nitapanda tu, nitalipia humo humo ndani." Maneno haya nimeyasikia tena juzi kutoka kwa baba mmoja na binti yake waliofika Salerno wakielekea Amalfi, na nimechoka nayo kuliko yote ninayoambiwa. Kazi yangu ni kupokea wageni wanaozungumza Kiswahili katika pwani hii ya kusini mwa Italia. Wengine wanatoka Dar na Mombasa, wengine ni ndugu zetu wa London na Muscat wanaokuja kutembea. Mengi ninayoitiwa kusuluhisha yanaanzia hapo.

Sisi tuliokulia kwenye daladala na matatu tumezoea kwamba safari nzima imo kichwani mwa mtu mmoja anayening'inia mlangoni. Konda anajua nauli, anajua kituo chako, anakupangia pa kukaa, na ukisinzia anakuamsha ushuke. Huku mtu huyo hayupo, kazi yake imegawanywa vipande vipande. Nauli unailipa dukani, ratiba imebandikwa kwenye nguzo ya kituo, kushuka unabonyeza kitufe mwenyewe, na anayelinda nauli ni mkaguzi ambaye hapandi kila siku, ila siku akipanda hataki maelezo.

Basi wageni wangu wanamgeukia dereva. Tafadhalini, mwacheni dereva. Kwenye mabasi mengi kuna kibao kinachokataza abiria kuzungumza naye gari likitembea, na barabara yenyewe inakueleza kwa nini. Barabara hii ya pwani, SS163, ni kama kilomita 50 za kona zilizochongwa kwenye jabali, mwamba upande mmoja na bahari chini kabisa upande wa pili. Kabla ya kona kali anapiga honi ndefu, anasikiliza, ndipo anaingia. Akikutana na basi lenzake, mmoja wao anarudi nyuma, vioo vikipishana kwa upana wa kiganja. Huyo si mtu wa kumnyooshea noti ya euro 50.

Tiketi inanunuliwa kabla ya kupanda. Tafuta duka lenye kibao cha herufi T kubwa nyeupe. Hilo ni "tabacchi", duka la tumbaku. Kwenye maduka ya zamani utaona pia "Sali e Tabacchi", sali ikiwa ni chumvi, kwa sababu enzi hizo chumvi na tumbaku vyote vilikuwa biashara ya serikali, na maduka hayo ndiyo yaliyopewa leseni. Kama hakuna tabacchi, jaribu kibanda cha magazeti au baa ya kahawa karibu na kituo. Nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Ninalisisitiza hili mpaka wageni wananiona msumbufu, kwa sababu duka la kijijini linafungwa mchana watu wakienda kula, na Jumapili linaweza lisifunguliwe kabisa. Kuna miji imeanza kuruhusu kugusa kadi ya benki kwenye mashine ndani ya basi, lakini usiende vijiji kama Praiano au Furore ukitegemea hilo.

Yule baba tiketi alinunua, nilihakikisha. Alizitia kwenye pochi, zikakaa humo safi kama zilivyotoka dukani. Mkaguzi alipopanda, alizitoa kwa fahari. Mkaguzi akazigeuza, akaonesha kwa kidole ile nafasi tupu ambapo mashine ingechapa tarehe na saa, akatoa kitabu cha faini. "Lakini nimelipa!" Binti alikuwa akilia, baba anarudia maneno hayo hayo kwa Kiingereza, na faini iliandikwa kwa watu wawili. Aliponipigia simu bado aliamini ameibiwa.

Hakuibiwa. Tiketi ya karatasi ya namna hiyo haina tarehe. Unaweza kuinunua Jumatatu ukasafiri nayo Ijumaa. Kinachoifanya iwe tiketi ya safari hii, ya leo, ni muhuri wa ile mashine ndogo iliyo karibu na mlango, na kazi hiyo kwa Kiitaliano inaitwa "convalidare". Bila muhuri ungeweza kuitumia tena kesho, na keshokutwa. Ni sawa na hundi isiyo na sahihi: pesa ipo benki, lakini karatasi haijasema kitu. Ukipanda, kabla hujatafuta kiti, chomeka tiketi kwenye mashine, usikie ikichapa, tazama wino. Mashine ikiwa mbovu, mwoneshe dereva basi likiwa limesimama, kisha andika tarehe na saa kwa kalamu juu ya tiketi. Na tiketi ya simu nayo huwa ina hatua ya kuiwasha kabla ya kupanda. Kuinunua peke yake hakutoshi.

"Tatizo langu ni kwamba sijui Kiitaliano." Hilo nalo wageni huniambia.

Wasafiri wanapakua programu ya kutafsiri mazungumzo, halafu hawana wa kuzungumza naye. Kizuizi cha lugha kwenye mabasi haya kiko kwenye maandishi, tena ni maneno yasiyofika kumi. Linaloumiza watu zaidi ni "feriale". Mwenye Kiitaliano cha kuokoteza anajua "ferie" ni likizo, hivyo anadhani feriale ni siku ya mapumziko. Ni kinyume chake: feriale ni siku ya kazi, na Jumamosi imo. Siku ya mapumziko ni "festivo", yaani Jumapili na sikukuu, ikiwemo tarehe 15 Agosti. Ukisahau maneno, tazama alama: nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, msalaba ni mapumziko. "Scolastico" ni basi la siku za shule tu, kwa hiyo mgeni wa Julai lifute kichwani. "Capolinea" ni kituo cha mwanzo au cha mwisho. "Fermata a richiesta" ni kituo ambacho basi halisimami mpaka unyooshe mkono, na hapo mkono wa daladala unafaa kabisa.

Kutamka, sisi tuna bahati. Irabu zao ni a, e, i, o, u kama zetu, na ukilisoma Ravello au Minori kama unavyosoma Kiswahili unaeleweka mara moja. Mtego uko kwenye "ch", ambayo wao huisoma k. Kituo cha Chiesa Nuova ni "Kieza Nuova". Nako "c" ikitangulia e au i ndiyo inakuwa ch yetu, hivyo kijiji cha wavuvi cha Cetara ni "Chetara". Mgeni aliyeuliza njia ya "Setara" alizunguka Salerno asubuhi nzima.

Mtego mwingine sijauona umeandikwa popote. "Sì" kwao ni ndiyo. Mzee mmoja wa Tanga alichungulia mlangoni akauliza, "Amalfi?" Dereva akajibu, "Sì, sì." Mzee akasikia si, si, akashuka, na basi la Amalfi likaondoka bila yeye. Kuna na mlio wa ulimi. Mtu wa kusini mwa Italia anapoinua kidevu na kutoa "ts" fupi, anasema hapana. Hajakusonya, na hakuna sababu ya kununa.

"Sciopero maana yake hakuna basi siku nzima."

Sciopero, tamka "shopero", ni mgomo. Sheria namba 146 ya mwaka 1990 inalazimisha usafiri wa umma ubakishe saa za huduma hata siku ya mgomo, na mgomo hutangazwa mapema. Tafuta maneno "fasce garantite" kwenye tangazo, upange safari yako ndani ya saa hizo.

"Basi limenipita kwa sababu mimi ni mweusi."

Mama mmoja alinipigia saa nne asubuhi, mwezi Agosti, akiwa kituo cha Sponda, Positano. Mabasi mawili yalikuwa yamempita. Sitamwambia mtu kwamba Italia haina ubaguzi, ninaishi hapa. Nilimuuliza pembeni yake kuna nani. Akasema Wajerumani wanne, wazee wa Kijapani, na mwanamke wa Kiitaliano mwenye kikapu. Wote walikuwa wamepitwa. Basi linalotoka Sorrento linafika Positano limeshajaa, na likifika Sponda limekwisha kupakia wa Chiesa Nuova, kituo kinachotangulia hapo hapo Positano. Ndiyo maana ninawasihi wageni wapandie kwenye capolinea: Sorrento pale stesheni, Amalfi Piazza Flavio Gioia, au Salerno. Ukipandia Sorrento kwenda Amalfi, kaa kulia, bahari iko upande huo.

Yule mama nilimwambia aache kusubiri, ateremke ngazi hadi ufukweni akatafute boti, kwa maana majira ya kiangazi zipo za kwenda Amalfi bahari ikiwa shwari. Alilalamikia magoti njia nzima, simu ikiwa sikioni. Kisha nikasikia upepo, na yeye akimuuliza mtu polepole, "Amalfi?"

"Sì," mtu akajibu.

"Dada, amesema si. Hiyo ni ndiyo, eh?"

Nikamwambia panda.